Bustani Huanzia Kwenye Dumu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza mwelekeo wa mvua za vuli, ikishataja Kagera, Geita, Mwanza na majirani zao wa kanda ya ziwa, hugusa pia kaskazini mwa mkoa wa Kigoma, yaani wilaya za Kakonko na Kibondo. Kasulu haimo. Kasulu hungoja tangazo jingine, la mvua za msimu, zinazoanza Novemba na kuishia Aprili, pamoja na Tabora na Katavi. Ukisafiri kati ya Kibondo na Kasulu huoni mpaka wowote: vilima ni vile vile, udongo mwekundu ule ule, migomba ile ile nyuma ya nyumba. Lakini mtu wa Kibondo huhesabu vipindi viwili, vuli na masika, na katikati yake, Januari na Februari, mvua mara nyingi hulegea. Wa Kasulu huhesabu msimu mmoja mrefu.

Hata hivyo wote wawili hukutana kwenye pengo moja. Kuanzia Juni hadi Septemba hakuna mvua ya kutegemea, na hapo ndipo mboga za majani hupotea sahanini. Ugali wa muhogo upo, maharage yapo, dagaa wa Kigoma wanafika. Kinachokosekana ni kijani.

Ndiyo maana nina shaka na mazoea ya kuandaa bustani kwa kutazama mawingu. Mvua zikikolea, mboga hizi hujileta zenyewe. Lengalenga huota kwenye jalala, mnavu huchipua pembeni mwa shamba la mahindi, majani ya maboga na ya kunde huchumwa humo humo shambani. Anayejaza ua wake mchicha mwezi Desemba anaongeza mboga mahali ambapo tayari zimejaa, na akipeleka fungu sokoni atalirudisha. Familia yenye mtoto mdogo inahitaji zaidi fungu la Julai. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 uliiweka Kigoma miongoni mwa mikoa ambayo zaidi ya asilimia 40 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mboga peke yake haiondoi udumavu, lakini miezi minne ya ugali na maharage bila jani haisaidii.

Basi tuanze na Julai, na Julai ni habari ya maji. Katika jua la kiangazi, mita moja ya mraba ya tuta lenye mboga hunywa takriban lita 5 kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, ambalo kwa macho ni kitu kidogo tu, ni lita 50: madumu mawili na nusu, kila siku. Kwa mwezi ni madumu 75. Hayo ni mbali na ya kupikia, ya kuoga na ya kufua. Ukinunua tangi la plastiki la lita 1,000 na kulijaza maji ya bati mwishoni mwa mvua, tuta hilo moja litalimaliza kwa siku 20. Anayeandika kwenye kipeperushi kwamba kila kaya ilime bustani ya mita kadhaa kwa kadhaa angeuliza kwanza nani ataenda kisimani, maana jibu huwa ni mama na mabinti, na wao hawakuulizwa.

Zamani swali hili halikuwa na uzito kiasi hiki, kwa sababu bustani ya kiangazi ilikuwa bondeni. Maji ya vilima vya huku Buha hukusanyika chini, na udongo wa bonde hubaki na unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika. Palilimwa maharage ya kiangazi, mboga na viazi. Lakini nyumba na bonde zimeachana. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma, moja ya operesheni za mwanzo za kuhamishia watu vijijini, ilizikusanya kaya zilizotawanyika na kuzipanga katika vijiji, vingi vikiwa kando ya barabara. Barabara hupenda mgongo wa kilima. Maji hupenda chini. Halafu ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo ina sababu zake nzuri; mto uliolimwa mpaka ukingoni hujaa mchanga. Ila kwa aliyezoea kupanda chainizi hatua chache kutoka kijitoni, imemaanisha kurudi uani na dumu kichwani.

Jibu lililo bora kuliko mengi niliyoyaona lilikomaa kambini. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu, na mwaka huo huo Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena. Watu waliokuwa wakulima walijikuta na kiwanja cha kusimamisha nyumba na nafasi ndogo mbele yake, maji ya foleni, na shamba hakuna. Mashirika yaliyofanya kazi humo yaliwafundisha bustani ya gunia, na wanavijiji wa jirani wakaiona.

Bustani hiyo inatengenezwa hivi. Chukua gunia la kilo 100 lililokwisha kazi, likunje mdomo, lisimamishe mahali penye jua la asubuhi. Tafuta kopo kubwa lisilo na kitako. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, kisha jaza udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza kuzunguka kopo hilo. Udongo ukifika usawa wa mdomo wa kopo, livute juu taratibu. Kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Jaza tena kokoto, jaza tena udongo, vuta tena, mpaka gunia lijae. Kisha toboa matundu pembeni kwa ncha ya kisu, yakipishana, si moja juu ya jingine, na kila tundu liingize mche wa sukuma wiki au chainizi, mizizi ikilala ndani. Gunia moja hubeba miche 30 hadi 40 pembeni, na juu unaweza kuweka kitunguu cha majani. Maji humwagwa kwenye nguzo ya kokoto, yakashuka na kusambaa ndani. Jua haliyafikii kama linavyoyafikia kwenye tuta.

Maji yenyewe si lazima yawe safi. Yaliyosuuzia mchele, yaliyooshea mboga, hata ya vyombo kama sabuni haikuzidi, yote yanafaa. Hapa kuna ugomvi wa kimya, kwani maji hayo tayari yana mwenyewe: mgomba. Katika nyumba nyingi za huku, maji ya jikoni na maganda humwagwa shinani mwa mgomba, na mgomba huwa haushindwi kesi. Nashauri wagawane. Kuanzia Novemba hadi Mei mgomba una mvua au unyevu uliobaki, na hauhitaji ndoo ya mtu. Juni ikiingia, ya jikoni yahamie kwenye magunia.

Kuhusu cha kupanda, sikubaliani na orodha ndefu. Kaya yenye magunia mawili na kituta kimoja inahitaji mboga tatu au nne zinazochumwa muda mrefu bila kung'olewa. Matembele ni ya kwanza. Chomeka marando mwezi Machi, ardhi ikiwa bado na unyevu, na kiangazi kitayakuta yameshika. Ngogwe ni ya pili, na ni mmea unaodharauliwa bure: mbegu zikisiwa Januari na miche kuhamishwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mizizi huwa imezama kabla jua halijakaza, na mti mmoja huzaa kwa miezi. Sukuma wiki isie kwenye kitalu katikati ya Machi, ihamishe baada ya wiki nne, na kuanzia mwisho wa Mei unachuma majani ya chini huku ya juu yakiendelea. Mchicha ni wa kujazia, maana huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne. Siri yake ni kumwaga mbegu kidogo kila baada ya wiki mbili, ukizichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, badala ya kuimaliza pakiti siku moja na kula mchicha mpaka uchoke.

Nyanya? Kila mtu anazitaka na mimi nazitaka, ila bustani ndogo ya nyumbani si mahali pake pa kujivunia. Mvua zikikolea ukungu wa baka jani huzikausha kwa siku chache. Zikikatika, kantangaze huingia, yule nondo aliyegunduliwa kaskazini mwa nchi mwaka 2014, ambaye viwavi wake huchimba majani na matunda. Mbegu kama Tengeru 97, iliyotolewa mwaka 1997, iliwasaidia wakulima dhidi ya mnyauko fuzari na minyoo fundo. Kwa baka jani na kantangaze haina kinga. Ukitaka miche mitano, ipande chini ya kibanda kidogo cha nailoni ili mvua isigonge majani, na maji umwage shinani. Miche hamsini ni biashara, na ina bajeti yake ya dawa.

Udongo wetu mwekundu umeoshwa na mvua za miaka mingi na huelekea kuwa na tindikali. Majivu ya jikoni husaidia, kwa kiasi: konzi mbili tatu kwa mita ya mraba, yachanganywe mapema, yasirundikwe shinani. Asiyefuga mbuzi ana alizeti pori, ile yenye maua ya njano pembeni mwa barabara, ambayo wengi huifyeka na kuiacha ikauke bure. Katakata majani yake mabichi, yafukie kwenye tuta wiki mbili kabla ya kuhamisha miche. Au yaloweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Harufu yake ni ya kufukuza wageni, lakini yakichujwa na kuongezewa maji mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi, sukuma wiki huyapenda.

Umbo la tuta nalo hubadilika na majira. Wakati wa mvua liinuliwe, mizizi isisimame kwenye maji. Kiangazi lizamishwe kidogo chini ya usawa wa ardhi, kila tone libaki, na juu yake litandazwe nyasi kavu au majani ya migomba. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga.

Na chochote kinacholiwa kutoka humo kipikwe na mafuta. Mawese mekundu ya ukanda wa Ziwa Tanganyika yana kwa wingi viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na mafuta yoyote huusaidia mwili kuchukua kile kilicho kwenye jani. Lengalenga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu ni kazi ya nusu.

Limebaki suala la kuku. Bustani ya nyumbani hapa inaweza kuponea ukungu, viwavi na jua, ikaisha kwa mchana mmoja, tena kwa kuku wa jirani, ambaye huwezi kumpiga jiwe kwa sababu mtakutana msibani. Uzio wa matete au mabua ufike kiunoni, yakae karibu karibu, na kuku wako mwenyewe umkate manyoya ya bawa moja. Kwa wa jirani, peleka fungu la kwanza la matembele kabla hujapeleka malalamiko.