Tunakagua Mdundo, Unabii Tunauacha Upite

Ukambani, kanisa na ngoma havijaelewana tangu mwanzo. Peter Cameron Scott alifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui mwaka 1895, na waliolelewa katika misheni hiyo walifundishwa kwamba aliyeokoka huiacha ngoma pamoja na pombe. Leo, kuanzia Kasikeu hadi Kitui, watu wanasikiliza injili ya akina Stephen Kasolo na Justus Myello: Kikamba kitupu, na gita ambalo mpenzi wa benga atalitambua bila kuambiwa. Wapo wazee ambao bado wanalalamika. Kwa maoni yangu, ugomvi huo umetufanya tulinde mlango mmoja na kuuacha mwingine wazi. Tumekuwa wakali kwa mdundo, wapole kwa unabii.

Unabii nao si mgeni hapa. Mwaka 1911 mwanamke aitwaye Siotune na kijana Kiamba waliongoza vuguvugu ambalo wafuasi wake walicheza wakiwa wamepagawa na kuwakaidi watawala, hata Waingereza wakawahamishia wawili hao mbali. Mwaka 1922 Ndonye wa Kauti akatabiri zama mpya, naye akaondolewa. Mtu anaweza kusema basi unabii na ngoma ni ndugu, vyote viogopwe. La hasha. Manabii wale walizungumza na watu waliobanwa na kodi na amri za wakoloni, na maneno yao yalimkera mwenye nguvu. Unabii wa kuhofiwa ni ule unaomkera mnyonge peke yake: uza shamba, mtoe mtoto shuleni, usiende hospitali.

Huo tumeuona. Paul Mackenzie wa kanisa la Good News International alihubiri siku za mwisho kwa televisheni na YouTube, akapinga shule na matibabu, na Huduma Namba, usajili wa kidijitali wa serikali, ilipokuja mwaka 2019 akaihusisha na alama ya mnyama. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, walikoishi wafuasi wake, na miili iliyopatikana ilizidi 400. Amekana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Linalonishughulisha ni njia aliyopitia: simu ile ile inayomletea kijana wa Kasikeu rap. Mahubiri ya kiama ni burudani maarufu pia, yana nyota wake na mashabiki wake, ila kwa kuwa hayana ngoma tunayaita ibada na kunyamaza.

Mtazame sasa Juliani, rapa wa injili wa Dandora aliyetoka kundi la Ukoo Flani, akatoa Mtaa Mentality mwaka 2008 na Pulpit Kwa Street mwaka 2011. Sheng yake na mavazi yake vilitiliwa shaka, ilhali maneno yake yako wazi na yeyote anaweza kuyabishia. Mtu atasema wasanii wa injili hufuata pesa, na baadhi yao wamehamia nyimbo za dunia mchana kweupe. Kweli, lakini shabiki aliyechoka huzima redio, na hakuna anayemtishia moto wa milele kwa kuzima. Hoja nzito zaidi ni kwamba Biblia yenyewe hufundisha mwisho wa dunia. Hufundisha, na Mathayo 24:36 huwanyima wanadamu wote tarehe yake. Kwa hiyo anayeitaja ndiye aliyetoka nje ya Kitabu.

Baada ya Shakahola, Rais aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kupendekeza namna ya kusimamia mashirika ya dini, na wachungaji wengi wakahofia serikali kuingia madhabahuni. Hofu hiyo ina msingi. Lakini wazee wa kanisa la kijijini hawahitaji sheria mpya. Kwaya ya vijana huulizwa wimbo gani, hatua gani, sketi ya urefu gani. Mhubiri mgeni mwenye suti na ndoto aliyoota juzi naye aulizwe, kabla hajapewa maikrofoni: nani alikutawaza, sadaka yetu utaipeleka wapi, na mtoto akishikwa na malaria kambini kwako atapelekwa zahanati gani?