Shabu, Magadi na Samaki wa Tangini

Huku kwetu Kaskazini Mashariki twajua ngamia na mbuzi kuliko samaki. Hata hivyo Mto Tana uko hapa hapa Garissa, perege na kambare wamo, na anayetaka kufuga vifaranga vyao katika tangi la kioo nyumbani hatavikosa. Shida ni maji. Mtu anabadilisha maji jioni, yanang'aa, asubuhi samaki wanaelea tumbo juu. Atasema ni jicho la watu. Mara nyingi ni pH.

pH ni kipimo cha asidi. Alikitunga Sørensen wa Denmark mwaka wa 1909, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg (bia tumwachie mwenyewe). Katikati ni 7. Chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Msidanganyike na udogo wa namba: kutoka 7 hadi 6 asidi imeongezeka mara 10! Perege huvumilia mengi, ila si kurushwa huku na huku ghafla.

Maji ya tangi huelekea asidi yenyewe. Samaki akipumua hutoa kabonidayoksaidi, nayo ikiyeyuka huwa asidi. Bakteria wanaogeuza amonia ya uchafu wake kuwa naitreti huongeza nyingine. Kinachozuia pH isishuke ni bikaboneti, chumvi itokayo kwenye mawe ya chokaa. Hiyo ni akiba: asidi huila kwanza, ikiisha pH inaporomoka. Maji ya visima vya Wajir, penye mawe ya chokaa, yana akiba tele. Ya mvua karibu hayana kitu.

Sasa tuje kwa shabu. Tana ikifurika maji huwa rangi ya chai ya maziwa, na mtu hutia shabu ili tope litue. Linatua kweli, lakini shabu hutengeneza asidi na kuimaliza ile akiba. Samaki wakilegea, mwenye tangi anakimbilia jikoni kuchukua magadi ya maharagwe ili aondoe asidi. Hapo ndipo anapowaua. Kwenye pH 7, chini ya sehemu 1 kati ya 100 ya amonia iliyomo ndiyo sumu kali. Ikifika 9 ni zaidi ya theluthi. Kijiko kile kimeamsha sumu iliyokuwa imelala. Kuna samaki wa Ziwa Magadi anayeishi kwenye pH karibu 10, lakini yeye hutoa uchafu wake kama yurea. Perege wetu hana ujuzi huo.

Basi tope liache litue lenyewe pipani siku mbili tatu, uchote ya juu. Ya mfereji yaache wazi siku nzima klorini itoke. Badilisha robo tu kwa juma. Tia vipande vya mawe ya chokaa au makombe ya pwani yaliyooshwa. Huyeyuka polepole, na asidi ikizidi huyeyuka zaidi. Tena kwa joto letu hili maji hupungua kila siku na chumvi hubaki, kwa hiyo ya kujazia heri yawe ya mvua.

Litimasi haitoshi kupimia. Mwombe mwalimu wa kemia karatasi ya rangi nyingi. Pima saa ile ile kila mara, maana mimea ya majini hula kabonidayoksaidi mchana, pH ikapanda, na usiku ikashuka. Ukipima leo jioni na kesho alfajiri utadhani tangi limeharibika, kumbe lilikuwa limelala tu.