Kabambe au Simu Janja: Usiweke PIN Kabla Hujasoma Jina

Mwezi wa Oktoba huku Kisii na Nyamira ni mwezi wa bonasi ya chai. Foleni kwa mawakala wa Keroka, Kebirigo na Nyansiongo huwa ndefu kuliko kawaida. Wengine wanatoa, wengine wanaweka, wengine wanatuma karo na kulipa deni la mbolea siku hiyo hiyo.

Msimu mmoja wa bonasi, mwenzetu mmoja anayeandika programu za huduma hii alikuwa amerudi nyumbani Nyamira. Aliomba kiti kwa wakala karibu na stendi, akakaa asubuhi nzima akitazama tu vile watu wanatumia simu. Akaja omong'ina mmoja kutuma elfu nane, karo ya mjukuu. Simu yake ni ile ya kubonyeza, yenye tochi. Alijaribu mara mbili, akashindwa kusoma maandishi, kisha akampa simu kijana aliyekuwa nyuma yake. "Mwanangu, hebu nitumie hapo." Na PIN akaitaja kwa sauti, foleni nzima ikisikia.

Kijana alikuwa mwaminifu. Alituma, akarudisha simu, mama akaenda zake. Hakuna pesa iliyopotea. Lakini mwenzetu alirudi ofisini na swali ambalo limetusumbua tangu hapo. Sisi tunahangaika kila siku kufanya huduma iwe ya haraka. Kumbe mteja wetu hakuwa na haraka. Alitaka skrini anayoweza kuisoma mwenyewe.

Basi leo tuongee kuhusu simu, menyu na app: zinafanyaje kazi, na ni wapi hasa pesa yako inalindwa au inapotea.

Simu ghali ndiyo salama?

Sisi watu wa programu tunapenda simu mpya, hatukatai. Lakini angalia historia kidogo. Mwaka 2007 ulileta vitu viwili. Mwezi Januari, huko Marekani, kampuni ya Apple ilitangaza iPhone, simu ya kioo isiyo na vitufe vya nambari. Mwezi Machi, hapa Kenya, Safaricom ikazindua M-PESA, ambayo kwa mteja ilikuwa tu orodha ya maneno ndani ya laini ya simu. Haikuwa na picha wala rangi. Ilifanya kazi kwenye simu ambazo watu tayari walikuwa nazo mfukoni, kama Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Vitufe vyake vilizuia vumbi na ilikuwa na tochi. Mtu wa kijijini alihitaji nini zaidi?

Na hata matumizi yenyewe hayakuamuliwa na wataalamu. Majaribio ya M-PESA yalipoanza mwaka 2005, wazo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wenyewe wakaanza kutumiana pesa kwa mambo yao mengine. Waliotengeneza wakaona, wakaifuata hiyo njia, na huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Kwa hivyo jibu letu ni hili: kabambe si simu ya aibu kwa mambo ya pesa. Tena kuna mahali inashinda. Kioo cha simu janja huhisi kidole chako kwa njia ya umeme, ndiyo sababu mvua ikidondoka juu yake kinaweza kubonyeza vitu ambavyo hukutaka. Na huku kwetu mvua haichezi mbali. Fundi wa mawe ya Kisii kule Tabaka, mikono imejaa unga wa jiwe, anajua shida ya kuandika nambari kwenye kioo. Na kama kioo kimepasuka, kuna sehemu haisikii kidole, au inaandika nambari ya jirani yake. Ukiwa na simu ya namna hiyo, soma nambari nzima tena kabla ya kuendelea. Tarakimu moja ikibadilika, pesa imeenda kwa mtu mwingine.

Njia tatu za kufikia pesa yako

Jambo la kwanza kuelewa: pesa haikai ndani ya simu. Iko kwenye mfumo wa kampuni, kama daftari kubwa. Simu ni dirisha la kuangalia daftari hilo na kuagiza. Ndiyo maana simu ikianguka chooni, salio lako halizami nayo. Madirisha yako matatu.

La kwanza ni menyu ya kupiga, ile unayoanza na * na kumalizia na #. Wataalamu wanaiita USSD. Haihitaji bando, na inafanya kazi hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Kila ukurasa una nafasi ya herufi 182 tu, ndiyo maana maneno huwa mafupi na orodha hukatwa katikati. Mawasiliano yanabaki wazi kwa muda mfupi. Ukikaa sana bila kujibu, inajifunga yenyewe. Kumbuka pia kwamba kwenye njia hii PIN mara nyingi huonekana wazi kwenye skrini unapoiandika. Funika simu kwa mkono.

La pili ni menyu iliyo ndani ya laini yenyewe. Inakuja na laini, inahama nayo ukibadilisha simu, na kwa kawaida inaficha PIN kwa nyota unapoandika.

La tatu ni app kwenye simu janja. Ina nafasi ya kuonyesha mengi: orodha ya malipo ya nyuma, majina, risiti. Kwa kawaida inataka intaneti. Nyingi zinakubali alama ya kidole badala ya PIN, na hapo uwe macho. Kama uliwahi kuweka kidole cha mtoto au cha rafiki ili afungue simu yako acheze gemu, kidole hicho huenda kikafungua na pesa. Ingia kwenye mipangilio ya simu ufute vidole visivyo vyako.

Iwe unatumia dirisha gani, daftari ni moja. Ukituma kwa app halafu uangalie salio kwa menyu ya kupiga, utaona jibu lile lile.

Mtandao ukipotea katikati

Hii inatokea sana kwenye mabonde. Umeandika nambari, umeweka kiasi, umeweka PIN, halafu skrini inasema kuna tatizo la mtandao, au inanyamaza tu. Mkono unataka kurudia haraka. Tafadhali ngoja.

Kama ilikatika kabla hujaweka PIN, hakuna kitu kimetumwa. Lakini kama ulishaweka PIN na ukabonyeza kutuma, huenda agizo lako limefika kwenye daftari na ni jibu tu lililopotea njiani. Ukirudia, unaweza kuwa umetuma mara mbili. Angalia salio kwanza. Kama limepungua, pesa imekwenda, ngoja ujumbe. Kama liko vile vile, subiri dakika chache, angalia tena, ndipo urudie.

Skrini ya jina

Sasa tumefika kwenye kiini. Kabla pesa haijaondoka, huduma nyingi hukuonyesha jina la mpokeaji kama lilivyosajiliwa, pamoja na kiasi. Wateja wengine wametuuliza mbona tusiiondoe hiyo hatua, inachelewesha. Jibu letu ni hapana. Tumeiweka kwa makusudi ikusimamishe kidogo. Hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo kosa bado ni bure.

Jina hilo si lile uliloandika kwenye simu yako. Huku kwetu jambo hili lina utamu wake. Kwa Ekegusii, "baba" ni mama, na "tata" ndiye baba. Kijana wa Kisii aliye Nairobi amemhifadhi mama yake kama "Baba". Siku anamwomba rafiki yake, asiyejua Ekegusii, amtumie "Baba" elfu tatu, rafiki anaona jina la mwanamke, anashtuka na kuacha. Alifanya vizuri kushtuka! Simu moja tu ya kuuliza, mambo yakanyooka. Jina uliloandika wewe linaweza kumaanisha chochote. Jina lililosajiliwa ndilo la kuamini.

Halafu soma majina yote, usisome la kwanza tu. Moraa, Kerubo, Kemunto na Nyaboke ni wengi Kisii na Nyamira. Ukiona "Kemunto" ukabonyeza, huenda ni Kemunto mwingine kabisa wa Ogembo.

Na kama laini ya mama ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yako miaka ile, jina litakalotokea ni la kaka. Hiyo ni shida kubwa zaidi ya kuchanganya watu: siku laini ikipotea, mama hawezi kuirudisha mwenyewe, kwa sababu kisheria si yake. Mpeleke na kitambulisho chake kwenye duka la mtandao wake, laini iandikwe kwa jina lake.

Ukishatuma kwa mtu asiye sahihi, piga huduma kwa wateja mara moja, usingoje jioni. Tunaweza kujaribu kuzuia pesa ikiwa bado ipo. Ikishatolewa kwa wakala, hatuna uwezo wa kuichomoa mfukoni mwa mtu.

Kusaidiwa bila kutoa PIN

Turudi kwa omong'ina wetu wa stendi. Kumwambia tu "usimpe mtu PIN" hakumsaidii, kwa sababu shida yake ni kusoma. Haya ndiyo yanayosaidia.

Badilisha lugha. Kwenye menyu nyingi, chini ya akaunti yangu, kuna sehemu ya kuchagua Kiswahili. Wengi walipewa Kiingereza siku ya kusajiliwa na hawajawahi kuambiwa kuna lugha nyingine.

Kuza maandishi. Simu janja zote, na hata baadhi ya simu za kubonyeza, zina mpangilio wa ukubwa wa herufi.

Msaidizi afike kwenye PIN, asimame. Anaweza kuandika nambari na kiasi, akamsomea mama jina, kisha arudishe simu. Mama aweke PIN mwenyewe. Kwenye simu ya vitufe hata macho hayahitajiki sana: papasa kitufe cha katikati, 5 mara nyingi ina kinundu kidogo. Ukiipata hiyo, 2 iko juu, 8 iko chini, 4 kushoto, 6 kulia. Fanyeni mazoezi nyumbani jioni moja, kwa kuangalia salio tu. Mjukuu mwenye subira anatosha.

Na kama PIN imeshajulikana na foleni, ibadilishe siku hiyo hiyo. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa.

Kwa wenye biashara

Ukiuza ndizi au nguo soko la Daraja Mbili, mteja akikuonyesha simu yake imeandikwa "umelipa", hiyo ni skrini yake, si daftari lako. Ujumbe wowote unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Ngoja ujumbe ufike kwenye simu yako, kutoka kwa jina lile lile linalokutumia kila siku, na salio liongezeke. Soko likiwa limejaa na huna uhakika, angalia salio kabla ya kufunga mzigo. Mteja wa kweli ataelewa.

Na ukiona skrini inakuomba PIN ghafla bila wewe kununua kitu, ghairi. Mtu ameomba malipo kutoka kwako kwa makosa au kwa ujanja. Bila PIN yako, ombi hilo haliwezi kufanya lolote.

Kwa ufupi

1. Soma majina yote na kiasi, ndipo uweke PIN.
2. Mtandao ukipotea baada ya PIN, angalia salio kabla ya kurudia.
3. Msaidizi huishia kwenye PIN.
4. Weka menyu kwa lugha unayoielewa.
5. Amini salio lako, usiamini skrini ya mwenzako.

Na sisi je? Tuna kazi yetu pia. Tangu ile asubuhi ya stendi, kila tunapotaka kuongeza kitu kwenye menyu, tunaulizana kama omong'ina yule angeweza kukisoma bila kuomba mtu. Kama kuna neno kwenye menyu yetu linalokuchanganya wewe au mzazi wako, mwambie wakala wako au utupigie utuambie ni neno gani. Neno moja lililo wazi linaweza kuokoa karo ya muhula mzima.