Asiende Mikono Mitupu

Somo: Kumbukumbu la Torati 15:12-15

 

Katika Torati limo agizo ambalo wengi wetu hulipita upesi. Mwebrania aliyeuzwa alitumika miaka sita, na mwaka wa saba aliachiliwa. Lakini Mungu alitaka zaidi ya kufunguliwa mlango. Alimwagiza bwana wake ampe kwa ukarimu katika kondoo zake, nafaka yake na divai yake. Maana mtu huru asiye na mbegu wala mnyama atakula nini kesho? Njaa itamrudisha utumwani.

Leo twawafikiria vijana watokao katika makao ya watoto. Hatusemi kwamba makao hayo ni utumwa, la hasha! Wengi wamelelewa humo kwa upendo. Twasema juu ya siku ya kutoka.

Kwa sheria ya Kenya, mtu akitimiza miaka 18 si mtoto tena. Jana kijana aliamshwa kwa kengele, akakuta chakula mezani. Leo anatafuta chumba, na mwenye nyumba ataka dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza kabla ya kutoa ufunguo. Akitafuta kazi, aulizwa kitambulisho. Akienda kukiomba, atakiwa cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Atavitoa wapi asiyewajua wazazi wake? Hapo ndipo msichana hukubali kukaa na mwanamume asiyemtaka, apate paa tu.

Je, sisi huwafungia watoto wetu mlango wakifika miaka 18? Hata aliyekwisha kupata kazi mjini huja nyumbani mwisho wa mwezi, akarudi na mahindi na maharagwe.

Iko njia ya kusaidia, nayo ni nyumba ya mpito. Vijana wachache hukaa pamoja katika nyumba ya kawaida, mtaani, miongoni mwa majirani. Wanapika wenyewe na kupanga matumizi yao. Mtu mzima mwaminifu huwatembelea, huwasindikiza ofisini kwa ajili ya kitambulisho, na huwatafutia fundi wa kuwafunza kazi. Kodi hulipiwa mwanzoni. Kijana akianza kupata, hutoa kidogo, kisha zaidi, mpaka aweze kupanga chumba chake.

Wengine husema, “Mkiwapa nyumba, watalemaa.” Wazee wetu walikwisha kujibu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mfukuze. Tena jembe hupewa mtu mwenye mahali pa kulala.

Mwaka 2022 nchi yetu ilipata Sheria mpya ya Watoto, na Serikali ikatoa mpango wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia na jamii. Jamii hiyo ni nani, ndugu zangu, kama si sisi tukaao vitini kanisani? Parishi moja huenda ina chumba kitupu, nyingine ina fundi seremala, nyingine ina mama mwenye saa moja kila Jumamosi.

Tukumbuke Mungu alivyowatendea Israeli. Walipotoka Misri hakuwaambia, “Sasa mko huru, jitegemeeni.” Aliwalisha mana miaka 40 jangwani. Mana ilikoma lini? Kitabu cha Yoshua chatuambia ilikoma walipokwisha kula mazao ya nchi ya Kanaani. Mungu alingoja mpaka wapate chakula chao wenyewe. Basi nasi tusiikatize mana kijana angali jangwani.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa wasio na baba, tufungue mikono, asiwepo mtoto wako atakayetoka kwetu mikono mitupu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.