Usingizi na Wasiwasi katika Lugha ya Tiba ya Vijana

Tiba ya nafsi hufanywa kwa maneno. Kwa hiyo kosa la tafsiri si kosa la lugha tu, bali huweza kuwa kosa la dawa yenyewe. Jambo hili hudhihirika sana katika tiba ya vijana wakosao usingizi kwa sababu ya wasiwasi.

Kiswahili hutofautisha kukesha na kukosa usingizi. Akeshaye yu macho kwa kusudi lake, kama mlinzi au mwuguzaji. Akosaye usingizi huutaka asiupate. Tena, katika usemi wa kawaida, usingizi ndio mtendaji: humjia mtu, humshika, na pengine humruka. Sarufi hiyo yaafikiana na tiba aliyoieleza Richard Bootzin wa Marekani mwaka 1972. Mgonjwa hupanda kitandani pale tu usingizi unapomjia. Asipoupata, hutoka akakaa pengine kwa utulivu mpaka umjie tena. Na kila siku huamka saa ile ile. Hivyo kitanda kilichokuwa mahali pa mahangaiko hurudi kuwa mahali pa kulala.

Kanuni ya kwanza ina mtego. Mfasiri akiandika "lala unapochoka", ameipotosha. Kuchoka ni kupungukiwa na nguvu. Kusinzia ni kuelemewa na usingizi. Mwanafunzi mwenye wasiwasi aweza kuchoka mno, na usingizi usimjie. Akipanda kitandani kwa uchovu tu, atagaagaa na kuhesabu saa, na ile ada mbaya itazidi kukazika. Yafaa iandikwe: "panda kitandani unapoanza kusinzia."

Neno wasiwasi nalo lina asili ya Kiarabu, yenye maana ya kunong'ona. Maana hiyo yafaa katika tiba ya mawazo, ambayo Aaron Beck aliiasisi katika miaka ya 1960. Kijana hufunzwa kulisikia wazo kama mnong'ono, kuliandika, na kulipima kwa ushahidi. "Nisipolala leo nitaanguka mtihani" hukoma kuwa hukumu, likawa dai la kuchunguzwa.

Lakini neno hilo lisibebeshwe kila kitu. Hojaji ya maswali saba iitwayo GAD-7, iliyochapishwa mwaka 2006, hutenga fadhaa, mawazo yasiyozuilika, na hofu ya kupatwa na jambo baya. Yote matatu yakifasiriwa "wasiwasi", kijana ataulizwa jambo moja mara tatu, na jumla ya alama zake haitaaminika. Kiswahili hakina upungufu hapo: mna fadhaa, jakamoyo, mashaka na hofu, kila moja na mahali pake.

Nchini Kenya, mradi wa Shamiri huwatumia vijana waliomaliza sekondari kuwaongoza wanafunzi katika vikundi. Matokeo ya jaribio lake moja yalichapishwa mwaka 2021. Jina lenyewe ni la Kiswahili, lenye maana ya kustawi. Mfano huo waonyesha njia: maneno ya tiba yapimwe kwanza kwa vijana wenyewe, mganga na mwanalugha wakiketi pamoja, kabla ya kupigwa chapa.