Ameshiba Kabla ya Kula

Anoreksia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula hadi akonde kupita kiasi, huku akiamini kwamba bado ni mnene, au kwamba akianza tu kula kama wenzake atanenepa asijue pa kuishia. Huanza zaidi katika miaka ya kubalehe. Wasichana ndio wengi. Wavulana wamo pia, ila huchelewa kugunduliwa kwa kuwa hakuna anayewadhania. Jina lenyewe, lenye asili ya Kigiriki, maana yake ni kukosa hamu ya kula, na hapo linapotosha. Mgonjwa ana njaa kweli. Anapigana nayo kutwa, na kila siku anayoishinda anaihesabu kuwa ushindi.

Nyumbani, dalili za mwanzo hazifanani na maradhi. Binti anaacha sukari, halafu mafuta, halafu chakula cha usiku, na watu wanamsifu kwa kujitunza. Anapenda kuingia jikoni na kuwapakulia wengine. Panapoliwa kwenye sinia moja, anafinyanga tonge lile lile mpaka wenzake wananawa, na kwa kuwa sinia limekwisha hakuna anayejua ni nani hakula. Akiulizwa, amekula shuleni. Shuleni, atakula nyumbani. Mwili nao unaanza kubana matumizi. Hedhi hukatika, mapigo ya moyo hupungua, nywele za kichwani hupukutika huku mgongoni na mikononi zikiota malaika, na mgonjwa huvaa sweta jua likiwaka. Vipimo vya damu huweza kutoka safi hata kwa mtoto aliye hatarini, kwa hiyo daktari mzoefu hapumbazwi na karatasi ya maabara. Hutazama pia moyo, shinikizo la damu na kasi ya kupungua uzito.

Bulimia ni ndugu wa karibu wa ugonjwa huu. Hapa mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kwa siri, akihisi hawezi kujizuia, kisha hukitoa kwa kujitapisha au kwa dawa za kuharisha, au hufunga kula ili kulipia. Uzito wake mara nyingi ni wa kawaida, hivyo siri inaweza kudumu miaka. Daktari Gerald Russell wa London ndiye aliyeueleza mwaka 1979, na sugu zinazotokea kwenye vifundo vya vidole vya wanaojitapisha zimepewa jina lake. Asidi ya tumbo hula meno, na potasiamu ikishuka moyo huenda kombo. Wapo pia wanaokula kupindukia bila kukitoa chakula, hali ambayo kitabu cha uainishaji cha madaktari wa akili wa Marekani kiliitambua kama ugonjwa kamili mwaka 2013, na watoto wanaokataa vyakula kwa kuogopa kupaliwa au kwa kutopenda mguso wake mdomoni, bila kujali uzito hata kidogo.

Ni kawaida kulaumu televisheni na simu. Lakini William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliuandika ugonjwa huu mwaka 1873, kabla hata ya sinema. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila si ukweli wote. Katika mkoa wa Nadroga, Fiji, ambako mwili ulionona ulikuwa fahari, televisheni ilifika mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wanafunzi wa kike wa sekondari muda mfupi baadaye, hakumpata hata mmoja anayejitapisha ili apungue. Mwaka 1998 aliwahoji wa rika lile lile. Asilimia 11 walikuwa wakifanya hivyo. Kwa upande mwingine, kaskazini mashariki mwa Ghana, watafiti waliopima wasichana 668 wa sekondari walikuta 10 waliokonda kwa kujinyima chakula, na hao hawakuzungumzia unene wala urembo. Walizungumzia saumu na kuitawala nafsi. Inaonekana ugonjwa huchukua lugha ya mahali unapotokea: kwingine husema urembo, kwingine husema ucha Mungu.

Chini ya lugha hiyo kuna damu na ukoo. Mapacha wanaofanana kabisa huugua wote wawili mara nyingi kuliko wasiofanana, na utafiti mkubwa wa vinasaba uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha uhusiano si na magonjwa ya akili tu bali pia na namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Tabia ya mtoto huchangia: anayetaka kila kitu kiwe barabara, anayejihukumu kwa ukali, mwenye wasiwasi. Balehe ikifika, mwili ukabadilika, labda na dhihaka ya darasani au ya shangazi sebuleni, mtoto wa namna hiyo anaanza kupunguza chakula. Wenzake wakijaribu huchoka baada ya wiki mbili. Yeye hachoki.

Kinachofuata kilionekana wazi katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945. Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wa kiume, wazima wa mwili na akili waliojitolea, chakula pungufu kwa miezi sita hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Nia yake ilikuwa kujua namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Vijana wale walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kukatakata mlo vipande vidogo na kuuvuta kwa saa nzima. Wakawa wakali, wapweke, wenye huzuni. Walipoanza kushiba tena, baadhi walikula bila kuweza kuacha. Hawakuanza kujinyima kwa hofu ya unene. Sehemu kubwa ya yanayodhaniwa kuwa tabia ya mgonjwa ni njaa yenyewe inavyofanya kazi kichwani, na ndiyo sababu matibabu hayangoji mtoto aelewe kwanza: huanza na chakula.

Aliyedhoofika sana hulazwa. Hapo uji mzito uliojaa huruma unaweza kuua: baada ya njaa ndefu, wanga mwingi wa ghafla huivuta fosfati kutoka kwenye damu na kuiingiza kwenye seli, na moyo ukasimama. Madaktari waliona hali hii kwa watu waliotoka kwenye njaa ya Vita vya Pili vya Dunia. Hivyo chakula hupandishwa kwa kipimo, damu ikiangaliwa mara kwa mara siku za mwanzo.

Baada ya hapo kazi ni ya nyumbani, jambo ambalo zamani lingeshangaza. Kwa karne nzima, tangu Gull, madaktari waliwatenga wagonjwa na wazazi wao, na mama ndiye aliyebebeshwa lawama. Hospitali ya Maudsley, London, iligeuza mambo. Utafiti wake wa mwaka 1987 ulionyesha kuwa kwa walioanza kuugua wakiwa wadogo na ambao hawajafikisha miaka mitatu ya ugonjwa, matibabu yanayoishirikisha familia yalishinda ya mtu mmoja mmoja.

Mpango wenyewe hauna uchawi. Katika kikao cha pili familia huja kliniki na chakula chao na kula mbele ya mtaalamu. Mtoto anasema ameshiba. Mama anabembeleza, baba anafoka, mdogo mtu anainamisha kichwa. Mtaalamu hawahukumu, huwaketisha wazazi pande zote mbili za mtoto na kuwaomba wahakikishe anakula tonge moja zaidi ya alivyokusudia. Sauti haipandi, wala mjadala wa kilo haufunguliwi: “Mwanangu, hii ndiyo dawa yako, nipo hapa mpaka imalizike.” Kwa miezi kadhaa wazazi ndio hupanga, hupakua na kukaa naye kila mlo. Ndugu zake hawafanywi polisi. Kazi yao ni kumchangamsha. Uzito ukirudi, mamlaka hurudishwa kidogo kidogo: achague kitafunwa, kisha chakula cha mchana shuleni. Mwisho ndipo huzungumzwa mambo ya ujana ambayo ugonjwa uliyasimamisha.

Kwa bulimia, njia iliyojaribiwa zaidi, hasa kwa watu wazima, ni tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mazoea. Mgonjwa huandika anachokula na anachohisi, na hula kwa saa maalumu, kwa sababu kufunga kula mchana ndiko kunakozaa fujo ya usiku. Dawa ya fluoksetini huwasaidia baadhi yao. Kwa anoreksia hakuna kidonge kinachoponya.

Afrika Mashariki, binti anayekonda hupimwa kwanza virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na kisukari, na si kosa. Huko Uganda na Kagera miaka ya 1980 kukonda, kwa kudhaniwa kuwa UKIMWI, kulitosha kumtia mtu aibu ya mtaa mzima. Majibu yakitoka safi, njia ya kwenda kwenye huduma za afya ya akili, kama zilizopo katika hospitali za Muhimbili, Mathari au Butabika, haipaswi kungoja. Mwezi wa Ramadhani nao una hukumu yake: mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, na huyu ni mgonjwa.

Karibu nusu ya wanaougua anoreksia hupona kabisa, wengi wa waliobaki hupata nafuu, na kwa baadhi ugonjwa hukaa miaka mingi. Wanaokufa, wengi huuawa na moyo au hujiua. Walioanza matibabu mapema na wakiwa wadogo ndio wenye matumaini makubwa zaidi. Mwili hutangulia kupona, akili hufuata nyuma. Hofu ya unene huweza kubaki miezi mingi baada ya mashavu kurudi, na mwaka wa kwanza ndio wenye hatari kubwa ya kurudia, kwa hiyo wazazi huendelea kupakua hata pale majirani wanaposema mtoto sasa amependeza.