Mtunza Maktaba na Kompyuta

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Vitabu navyo ni mali. Maktaba yenye vitabu elfu lakini haina daftari ni kama ghala lenye giza. Chakula kimo ndani, lakini mwenye njaa hakioni.

Kazi ya mtunza maktaba ni kuwasha taa katika ghala hilo. Tangu zamani alitumia kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na juu yake paliandikwa jina la mtungaji, jina la kitabu, mwaka kilipopigwa chapa, na namba ya rafu. Maktaba nyingi hufuata namba za Mwamerika mmoja, Melvil Dewey, aliyezitoa mwaka 1876. Yeye aliyagawa maarifa yote mafungu kumi. Namba 500 ni ya sayansi, na 900 ni ya historia na jiografia. Vitabu vya magonjwa vimo katika 616.

Siku hizi mtunza maktaba hufanya kazi ile ile kwa kompyuta. Katika nchi nyingi hutumiwa programu iitwayo Koha. Ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, huko Nyuzilandi, ikaanza kazi Januari 2000. Wenyewe hawakuificha, bali waliwapa watu wote bure. Ndiyo maana ikaitwa Koha, maana yake katika Kimaori ni zawadi.

Basi, mtunza maktaba wa mji kama Kindu ajifunze nini?

Kwanza, ajifunze kuandika bila kosa. Tazama jina Tshibangu. Akiandika Chibangu, masikio hayaoni tofauti, lakini kompyuta inaona. Msomaji atatafuta Tshibangu, naye ataambiwa hakuna. Kumbe kitabu kipo rafuni! Kosa la herufi chache limekizika kingali hai.

Pili, ajifunze kutafuta mbali. Kindu iko kando ya mto Lualaba, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Kinshasa. Kitabu kipya kikija kwa ndege, au kwa reli na mashua, gharama ni kubwa na safari ni ndefu. Lakini maandishi yanayopita katika intaneti hufika kwa dakika chache. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wapiga chapa wakubwa walianzisha mpango uitwao Hinari. Kwa mpango huo, vyuo, hospitali na maktaba za nchi zenye mali kidogo, kama Kongo, huweza kujiandikisha na kusoma maandishi mapya ya waganga.

Je, faida yake ni nini? Fikirini ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o. Umewatesa watu wa Maniema tangu zamani. Vitabu vya zamani husema kwamba vijidudu vikiisha kuingia ubongoni, mgonjwa apigwe sindano ya dawa yenye sumu ya aseniki. Dawa hiyo iliponya wengi, lakini katika kila wagonjwa 100 iliua kama 5. Baadaye wataalamu walijaribu vidonge vya feksinidazoli, na wagonjwa wengi waliokubali kujaribiwa walikuwa Wakongo. Desemba 2018 serikali ya Kongo iliruhusu vidonge hivyo. Mgonjwa anayefaa kupewa huvila kwa siku 10, baada ya chakula, chini ya uangalizi wa mganga. Sasa, mwanafunzi wa uuguzi akisoma kitabu cha mwaka 1960 peke yake, atajua habari za sindano tu. Mtunza maktaba anayejua kutafuta atampa na habari mpya. Hapo kazi yake inagusa uhai wa watu.

Tatu, ajifunze kupima ukweli. Mto hubeba maji, hubeba na takataka. Intaneti ni vivyo hivyo. Kabla ya kumpa msomaji habari yo yote, mtunza maktaba huuliza: Nani ameandika? Ameandika mwaka gani? Amejuaje? Je, wataalamu wengine wanakubaliana naye? Asipopata majibu, haitoi habari hiyo kama kweli.

Nne, ajitayarishe kwa siku ya giza. Umeme hukatika, na mtandao hupotea. Kwa hiyo mwenye busara huhifadhi nakala ya daftari lake mahali pengine, wala hazitupi kadi za zamani. Tena iko programu iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007. Huweza kuiweka Wikipedia ndani ya kompyuta moja, watu wakaisoma bila intaneti.

Kompyuta ni chombo, kama jembe. Jembe jipya halilimi peke yake. Linamtaka mkulima anayejua shamba lake. Vivyo hivyo kompyuta inamtaka mtunza maktaba mwenye bidii, anayependa kweli, na asiyeona haya kujifunza hata akiwa mtu mzima.

MASWALI
1. Kwa nini kitabu chaweza kupotea hali kipo rafuni?
2. Dawa mpya ya malale imepita sindano ya zamani kwa mambo gani?
3. Taja maswali manne ya kupima ukweli wa habari.